Komeo la Ndani

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeona lori langu limezama kwenye matope ya Mwera mpaka taa za mbele hazionekani, na nondo zimejaa mgongoni, na jioni ile ile nikalitoa. Nimeona mtu aliyewahi kuninyima kazi ya kubeba mawe akija dukani kwangu kuomba mabati kwa mkopo, na nikampa, tena nikampakilia kwa mkono wangu. Nimezaliwa kwenye kambi ya mkonge. Baba yangu alikuwa manamba, aliletwa kutoka nyanda za juu akiwa kijana, akakata mkonge mpaka vidole vikagoma kukunjuka. Shule niliishia darasa la tano. Leo ukifika Chumbageni ukauliza nyumba ya muuza simenti, hata mtoto anayechezea mchanga atakuonyesha, na huenda huo mchanga nao umetoka kwangu.

Mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Nilishangazwa na mke wangu, tena akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni, anachambua mchicha. Aliniambia, "Niombee." Neno hilo moja. Nikashindwa.

Lakini ngoja nianze na chumba, maana bila chumba habari hii haina miguu.

Jumapili moja mchungaji wetu alihubiri lile neno la Yesu kwamba ukitaka kuomba usisimame njiani ili watu wakuone. Uingie chumba chako cha ndani, ufunge mlango, useme na Baba yako aliye sirini. Wengine waliitikia amina wakaenda kula wali. Mimi nilikwenda kumtafuta fundi. Nimekaa na tofali miaka yote, ukiniambia chumba nasikia tofali. Nilifika nyumbani nikazunguka, nikavikagua vyumba vyangu vyote, na kila kimoja kina dirisha linalotazama nje. Cha ndani ni kipi? Hakuna. Yaani nyumba nzima ya ghorofa, haina mahali pa kuombea kwa mujibu wa maandiko.

Fundi alipima, akakuna kichwa.

"Bosi, chumba katikati ya nyumba, hakina dirisha. Hii ni stoo?"

"Ni chumba cha ndani."

"Ndani ya nini?"

"Wewe jenga."

Akajenga. Tukamega sebule. Nikaweka marumaru za kung'aa, zulia jekundu, dari la jipsamu lenye msalaba wa taa za buluu. Kwa kuwa hakikuwa na dirisha, fundi aliacha tundu la hewa juu, likapita kwenye ukuta wa ghorofa mpaka upande wa jirani. Mlangoni nikaagiza kibao cha shaba kilichoandikwa CHUMBA CHA MAOMBI YA SIRI. Gharama yake nilikuwa nikiitaja kwa kila mgeni kabla hajakaa kitini.

Na chumba cha namna hiyo hakifunguliwi kimya kimya. Niliita jumuiya yote. Mchungaji akaja kukiweka wakfu, kwaya ikaimba, mbuzi wakachinjwa, spika zikafungwa barazani. Watu walipanga foleni, wanaingia mmoja mmoja, wanatoka wanatikisa kichwa. Hata mzee jirani yangu, Mwislamu mtu wa pwani hasa, aliitwa akaja, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa na mtu.

Mke wangu alipita na sinia la pilau kichwani.

"Baba, hii siri imekaa vizuri," aliniambia. "Imebaki kutangazwa redioni tu."

Nilicheka. Nilidhani ananisifu.

Kuomba, nisijivunie bure, najua. Kwenye jumuiya zetu ukisikia mtu anasema, "Tumsimamishe mzee atuombee," ujue ni mimi. Naanza chini, taratibu, kama lori linapanda mlima wa Amani. Nabadilisha gia. Nikifika kwa wajane na yatima, kina mama wanaanza kulia. Nikifika kwa vijana wetu na ajira, wazee wanagonga fimbo. Kila ninapotua, watu wanaitikia, na ile amina yao ndiyo dizeli yangu. Nimewahi kuomba mpaka chai ya jumuiya ikapoa kwenye birika, na hakuna aliyelalamika mbele yangu.

Nilidhani kule chumbani mambo yatakuwa hivyo hivyo, ila bila chai. Siku za mwanzo niliingia nikaomba kwa nguvu zangu zote. Marumaru zikanirudishia sauti, nikajisikia niko kanisa kuu. Asubuhi moja nikakutana na mzee jirani anamwagilia maua yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jirani, dua yako ya jana tumeisikia. Imetufikia moja kwa moja kutoka lile tundu lako. Mimi na bibi tuliitikia amina, tukaitikia tena, mpaka ulipofika kwenye kiwanja cha kona."

Nilitazama maua.

"Hapo tukanyamaza," akasema. "Kiwanja kile ni changu, jirani. Mwenyezi Mungu anajua hati iko wapi. Usimsumbue, akupe kingine."

Alicheka mpaka kofia ikamteleza. Mimi siku hiyo hiyo nililiziba tundu kwa zege, na kesho yake nikalizibua, maana chumba kilikuwa tanuri na mtu angeweza kutoka humo ameiva. Ikabidi niombe kwa sauti ya chini. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikumwambia mtu: nikishusha sauti, maombi yanakatika. Naanza sentensi, nasubiri amina, amina haiji. Nanyanyuka. Naenda kuangalia kama geti limefungwa. Narudi, napiga magoti, nakumbuka nondo za milimita kumi na mbili zimepanda bei. Simu inatikisika mfukoni. Natoka kuipokea. Nikawa naingia na kutoka mle kama mtu mwenye tumbo la kuhara, na kila anayekuja nyumbani anauliza, "Mzee, chumba kinaendeleaje?" Nami najibu, "Moto."

Sasa mke wangu.

Sauti yake niliifahamu kabla sijaiona sura yake. Nilikuwa kijana wa kupakua mifuko, tumepeleka simenti kwenye kanisa lililokuwa linajengwa, na ndani ya kuta zisizo na paa kwaya ilikuwa inafanya mazoezi. Kulikuwa na msichana wa Kisambaa anaimba sauti ya kwanza, na sauti ile ilikuwa inapita juu ya wenzake bila kusukumana nao. Nilisimama na mfuko begani mpaka dereva akanitukana. Mpaka leo, usharikani kwetu, mwanakwaya mgeni akija, anakaa karibu naye ili apate noti ya wimbo.

Mwaka jana akaanza kujifunga mtandio shingoni hata jikoni, kwenye joto hili la Tanga. Nikadhani ni mitindo. Siku aliponiambia nimpeleke hospitali ndipo akauvua mbele yangu, nikaona uvimbe. Daktari alisema ni tezi, imekua, inabidi itolewe. Akatuchorea kwenye karatasi. Akasema mshipa unaoendesha sauti unapita jirani kabisa na tezi, watajitahidi wasiuguse, lakini haahidi.

Tulirudi nyumbani. Alikaa jikoni, akavuta mchicha, akaanza kuchambua. Ndipo aliposema, "Niombee."

"Hilo limeisha," nikamwambia. "Jumapili nampa mchungaji jina lako. Jumatano jumuiya wote wanakuja hapa, nawaongoza mwenyewe. Na kina mama wa maombi nitawaambia wafunge."

"Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Sitaki jina langu lisomwe. Sitaki waje na juisi wakae wananitazama shingo, kila mtu anasikiliza kama bado naweza kuimba. Kama sauti itakwenda, iende kimya." Alikata mzizi wa mchicha akautupa. "Mdogo wangu nimemwambia, basi. Mwingine usimwambie. Niombee wewe. Wewe peke yako, kule kwako ndani, umefunga mlango. Si ndiyo kazi ya kile chumba?"

"Ndiyo kazi yake."

"Basi nenda."

Nikaenda. Nilivua viatu, nikapiga magoti kwenye zulia jekundu, nikafumba macho. Nikasema, "Baba yetu uliye juu mbinguni, tunakuja mbele zako."

Tunakuja. Nani na nani? Nikafumbua macho, nikajiona kwenye marumaru, mtu mzima mmoja na kitambi chake. Nikaanza upya. "Tunakuomba." Nikaanza tena. "Tunamweka mikononi mwako mtumishi wako huyu." Mtumishi gani? Yule aliyeko jikoni anachambua mchicha, ambaye nimelala naye kitanda kimoja tangu tuko kwenye chumba cha kupanga? Ulimi wangu ulikuwa umezoea "tu" kama gurudumu lilivyozoea mfereji wake. Kusema "na", "naomba", herufi mbili zile, nilikuwa nasikia aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Maana ukisema tunaomba, umesimama na watu nyuma yako. Ukisema naomba, umekuja na nani? Umekuja na nini?

Nilitoka nikamkuta bado jikoni.

"Umemaliza upesi," akasema.

"Nimesahau simu."

Wiki zile sikulala vizuri wala sikukaa vizuri. Nilikwenda mpaka Moa kupeleka mabati ambayo dereva angeweza kuyapeleka mwenyewe, ili mradi niko barabarani. Nilibomoa ukuta wa banda la kuku, nikaujenga tena pale pale. Kila jioni nilikuwa naingia chumbani, na kila jioni natoka mikono mitupu. Na siri ile ilikuwa inaniwasha mdomoni kama pilipili. Kama ningeweza kuisema hadharani, ningeomba mpaka paa linyanyuke, na watu wangelia, na mimi ningelala.

Jumatano moja jumuiya ilikuwa kwa mama mmoja mshona nguo. Wakasema kama kawaida, tumsimamishe mzee. Nikasimama. Nikapanda mlima vizuri, wajane, yatima, ajira. Amina zinakuja. Nikafika wagonjwa. Nikahisi maneno yanakuja yenyewe: "Na zaidi sana, Bwana, nyumbani kwangu mimi mtumishi wako, kuna..."

Nikafumbua jicho moja. Mke wangu alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, mtandio shingoni, macho wazi, ananitazama. Hakunikunjia uso wala hakutikisa kichwa. Alikuwa amekaa tu kama mtu anayesubiri kuona gari litapinda upande gani.

"Kuna banda la kuku," nikasema, "ambalo tunakuomba ulilinde na vicheche."

Watu waliitikia amina, ila kwa uvivu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye geti akasema, "Ulikaribia."

"Sikusema."

"Ulikaribia, baba."

Siku ya upasuaji tuliamka mapema. Duka hatukulifunga, maana duka langu likifungwa siku ya kazi, Tanga nzima inauliza nani amekufa. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye anayekaa kaunta, na ilibidi akae huko siku hiyo huku moyo wake uko kwetu. Mimi nilimsindikiza mke wangu mpaka pale mume anapoambiwa asivuke. Alinipa mtandio wake nimshikie.

"Nenda kwenye chumba chako," akasema. Ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwa ile sauti yake ya zamani.

Nilikaa kwenye benchi. Nikasimama. Nikaenda mpaka mwisho wa korido, nikarudi, nikasoma tangazo la kunawa mikono mpaka nikalijua kwa moyo. Muuguzi mmoja mnene akatoka wodini.

"Mzee, viatu vyako vinaniamshia wagonjwa. Nenda ukatembee nje. Namba yako si tunayo? Tutakupigia."

Nilitaka kwenda nyumbani, kule kwenye marumaru. Gari likanipeleka dukani. Labda ni mazoea, ndiyo njia linayoijua. Shemeji alinitazama, akaona hakuna habari, akageukia wateja wake. Kulikuwa na mtu kutoka Mwera anataka mabati ya geji thelathini na anataka apunguziwe, na wawili wa bodaboda wanasubiri rangi.

"Bosi mwenyewe huyu hapa," akasema yule wa Mwera. "Sasa tutaelewana."

Nikaweka simu yangu kaunta mbele ya shemeji, nikapita, nikaingia stoo ya simenti.

Stoo ile iko nyuma kabisa. Haina dirisha, kwa sababu simenti haitaki unyevu wa bahari, ukiiachia upepo wa pwani inakuwa mawe ndani ya mfuko. Kuna chaga za mbao, mifuko imepangwa juu yake mpaka karibu na bati, na njia nyembamba katikati. Nimeingia mle maelfu ya mara na sikuwahi kuona kwamba ni chumba cha ndani. Mlango una kufuli kubwa kwa nje, la kuzuia wezi. Kwa ndani hauna kitu, nani atataka kujifungia na simenti?

Nikaurudisha mlango, ukafunguka. Nikaurudisha tena. Yule wa Mwera akasukuma, akachungulia.

"Bosi, elfu moja tu nipunguzie kila bati."

"Toka."

Nikavuta mfuko mmoja kutoka kwenye chaga, kilo hamsini, mgongo wangu si ule wa ujana, nikauegemeza mlangoni. Nikaukalia. Vumbi likapanda likanijaa puani na kwenye kope. Giza, ila mstari wa mwanga chini ya mlango. Nje nikamsikia shemeji anasema, "Huyo hayupo. Amesafiri." Na yule mtu, "Nimemwona kwa macho yangu, dada." Na shemeji, "Umeona vibaya. Bati unachukua au huchukui?"

Nilichosema mle sitakiandika. Nimeandika mengi hapa ya kunichekesha na ya kunisifu, hilo siliandiki, si lenu. Nitasema tu kwamba halikuanza na "tu". Lilianza na "na", na lilikuwa fupi, na halikupanda mlima wowote. Halafu likaisha, nami nikabaki nimekaa juu ya mfuko na mtandio mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwa na akili, miguu yangu haikutaka kwenda popote. Sikuambiwa kitu. Sikuona nuru. Nilikaa tu, na nilijua sikai peke yangu. Hilo nalo nilione kama kitu cha kawaida? Mimi niliyesema hakuna cha kunishangaza?

Mlango ukagongwa, taratibu.

"Shemeji," akasema mdogo wake mke wangu. "Wamepiga. Ametoka salama."

Mke wangu alikatazwa kusema kwa siku kadhaa. Alikuwa ananiandikia kwa kidole kwenye shuka. Siku aliporuhusiwa kusema nilikuwa kando ya kitanda na uji, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, imekwaruza, kama ya mtu aliyelala kwenye vumbi. Niliweka bakuli chini.

"Uliomba?" akauliza.

"Niliomba."

"Chumbani?"

"Stoo."

Alicheka bila sauti, akishika bandeji, mpaka nikaogopa nyuzi zitakatika.

Sauti imerudi, lakini si ile. Kwenye kwaya amehamia sauti ya pili, na wageni sasa wanakaa karibu na mtu mwingine. Wanamwuliza, naye anasema uzee. Sijui Mungu alitoa kipi na alizuia kipi, na simenti haikunipa elimu ya kulijua hilo. Najua kwamba usiku akiimba wimbo wake chini chini akikunja nguo, huwa sikohoi.

Chumba cha marumaru kipo. Ndani yake mke wangu ameweka majoho ya kwaya, gunia la mchele na cherehani. Kibao cha shaba nimeking'oa, kimeacha matundu manne. Jumuiya wamenuna kidogo. Wanasema mzee amepoa, siku hizi akisimamishwa anaomba kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai halafu anaketi. Ninaposikia hivyo damu inanichemka, nataka kuwaambia niombavyo na wapi. Hata mzee jirani aliniuliza juzi akiwa kwenye maua yake.

"Jirani, siku hizi hatukusikii. Umeacha dua?"

Mdomo ulifunguka wenyewe. Ningeweza kumpa habari yote, tangu tezi mpaka mfuko wa simenti, akatikisa kichwa, akasema Mwenyezi Mungu mkubwa, akaniheshimu.

"Shughuli nyingi, mzee," nikamwambia.

"Usiache," akasema, kwa huruma kabisa. Huruma ile iliniuma kuliko kicheko cha kiwanja.

Haya ninayaandika kwa ruhusa ya mke wangu, alisema sasa andika, ila jina usiweke la mtu. Na stoo naingia kila siku, wakati wateja wa asubuhi wamepungua. Mfuko wa kilo hamsini kuuvuta kila mara haikuwezekana, mgongo ulikataa. Kwa hiyo nilikwenda kaunta nikamwambia shemeji anipe komeo la inchi sita na skrubu zake.

"Chukua pale, si duka lako?"

"Nipigie hesabu." Dukani kwangu mwenye duka analipa kama mteja, ndiyo maana duka bado lipo.

"La mlango gani?"

"Mlango unaofungwa kwa ndani."

Alinitazama, akatazama stoo. Aliandika bei kwenye risiti, nikalipa noti, akanirudishia chenji. Nimelifunga komeo mwenyewe, na limekaa sawasawa. Lile zulia na zile taa za buluu siku hizi sitaji bei zake kwa mtu. Komeo lilikuwa elfu tatu na mia tano, skrubu nne mia nne. Jumla, shilingi elfu tatu na mia tisa.